Mashudu ya Mama Mdogo

Kiroba kilifika na basi la Singida siku ya Jumanne, wiki ya tatu ya muhula wa kwanza, mwaka wangu wa mwisho. Kilo ishirini za mashudu ya alizeti, mdomo umefungwa kwa kamba ya katani, ubavuni jina langu na namba ya simu kwa maka peni. Nilikipakia kwenye bodaboda mpaka getini. Mlinzi akaniuliza kama nimeanza kufuga. Kufika jioni hosteli nzima ilikuwa na habari, na kwa wiki mbili niliitwa Mama Ng'ombe. Wenzangu wa chumbani walivumilia harufu kwa sababu niliwaahidi kuwa ni ya muda tu. Ilikaa miezi mitano.

Aliyekituma ni mama mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja. Ana ekari nne za alizeti, na jirani yake ana mashine ya kukamulia. Nilipompigia kumwomba mashudu kwa ajili ya utafiti wangu wa mwisho, alicheka mpaka akakohoa. "Nimekusomesha kwa mafuta, sasa unataka na makapi?" Na kweli alinisomesha. Ada yangu ya kidato cha tano na sita ilitoka kwenye madumu yake ya njano, moja moja, yanayouzwa kando ya barabara kuu. Naomba msomaji uliweke hilo akilini, kwa sababu ndilo linaloifanya habari hii iwe ngumu kwangu kuiandika.

Utafiti wangu ulikuwa na jina refu kuliko foleni ya kafteria siku ya pilau: uwezo wa kiantioksidanti wa haidrolisati za protini ya mashudu ya alizeti. Kila niliyemtajia alisema "hongera" kisha akabadilisha mada. Lakini anayejua kupika nyama ngumu na papai bichi tayari ameshaelewa nusu ya kazi yangu. Utomvu wa papai una kimeng'enya kinachoitwa papaini. Kinakatakata protini za nyama, ndiyo maana nyama inalainika. Mimi nilitumia kimeng'enya kingine, Alcalase, kinachotokana na bakteria aitwaye Bacillus licheniformis, ila mchezo ni uleule. Protini ni kama uzi mrefu wa shanga uliokunjwakunjwa ukawa donge. Shanga zenyewe ni asidi amino. Kimeng'enya kinakata uzi. Vipande vinavyobaki, vya shanga mbili, tano, kumi, vinaitwa peptidi, na mchuzi wote wa vipande hivyo ndio haidrolisati.

Sasa kwa nini mtu ujisumbue kukata? Kwa sababu protini ikiwa donge, baadhi ya shanga zake bora zimejificha ndani. Tairosini, histidini, metionini na nyinginezo zina uwezo wa kuzituliza radikali huru, yaani zile molekuli zilizokosa elektroni moja na zinazotembea zikimnyang'anya kila jirani. Radikali huru ndizo zinazofanya mafuta yaliyokaa muda mrefu yanuke, na ndani ya mwili zinaweza kuiumiza DNA. Ukikata donge, shanga zile zinatoka nje, zinatoa elektroni au haidrojeni kwa hiari yao, na vurugu inaisha. Hiyo ndiyo antioksidanti. Na mashudu, ambayo sisi tunawapa ng'ombe na kuku, yana protini kuanzia kama robo ya uzito wake hadi zaidi ya theluthi, kutegemea maganda yaliyoachwa. Nilijiona nimeokota almasi jalalani.

Kilichonivuta kwenye mada hii ni habari ya soya. Ndani ya soya kuna peptidi moja yenye asidi amino 43 inayoitwa lunasini. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Galvez na de Lumen, walichapisha kwamba jeni yake ikiingizwa kwenye seli za wanyama, seli zinashindwa kugawanyika. Jina lenyewe limetoka kwenye neno la Kitagalogi, lugha ya Ufilipino, lenye maana ya tiba. Nilipolisoma hilo usiku mmoja maktaba, nilihisi mwili unasisimka. Kama soya inaweza, alizeti ya Singida imekosa nini?

Meza ya pili maabara alikuwepo mwenzangu mmoja, naye akishughulika na upande wa pili wa mada hiyohiyo. Yeye hakutaka protini iponye kitu. Alitaka ibebe. Alikuwa na kurkumini, ile rangi ya njano ya manjano yetu ya pilau, ambayo kwenye sahani za maabara imeonekana mara nyingi ikiua seli za saratani. Shida ya kurkumini ni kwamba haiyeyuki majini na mwili haufyonzi ila kidogo sana. Alinionyesha: akaitia kwenye kopo la maji, ikazama kama mchanga. Kisha akachukua haidrolisati ya soya, ambayo vipande vyake vina upande mmoja unaopenda maji na mwingine unaoyakimbia, akachanganya. Upande unaokimbia maji ukaikumbatia kurkumini, upande mwingine ukatazama nje. Maji yakawa ya njano tupu, na njano ile haikuzama. "Mimi natengeneza bodaboda," aliniambia. "Abiria ndiye dawa. Wewe unadai bodaboda yenyewe ndiyo dawa." Nilimwona ana wivu.

Baadaye nilikuja kujua kwamba wazo lake lina historia nzuri kuliko langu. Paklitakseli, dawa ya saratani iliyogunduliwa kwenye gome la mti wa yuu wa Marekani, nayo haiyeyuki majini. Kwa miaka mingi ilichanganywa na kiyeyushi ambacho chenyewe kilikuwa kikiwaletea wagonjwa mzio mkali. Mwaka 2005 Marekani ikaruhusu aina mpya, ambamo paklitakseli imebebwa na albumini, protini ya damu ya binadamu, katika chembe ndogo mno. Kiyeyushi kikatoka, bodaboda ya protini ikaingia. Wanaotafuta protini za mimea zifanye kazi kama hiyo, iwe ya soya au zeini ya mahindi, wanafuata njia ambayo mtu ameshaipita.

Tuendelee na mashudu. Mwezi wa pili wa kazi, simu ilitoka nyumbani. Mama mdogo alikuwa akitoka damu muda mrefu na hakumwambia mtu. Vipimo vikasema saratani ya mlango wa kizazi. Hapa nchini hakuna saratani inayoua wanawake wengi kuliko hiyo. Chanjo ya kirusi cha HPV kinachoisababisha ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, kwa wasichana wa miaka 14. Yeye wakati huo alikuwa na wajukuu. Akaletwa Dar, akafikia kwa mjomba Mbagala, akapangiwa mionzi siku tano za wiki kwa wiki tano, na mara moja kwa wiki dripu ya dawa inayoitwa sisplatini.

Mimi nikarudi maabara nikiwa mtu mwingine. Zamani nilikuwa nafanya kazi ya kumaliza chuo. Sasa nilikuwa naharakia.

Na haraka ndiyo iliyonitia matatani. Wakati wa kuandika pendekezo, msimamizi wangu, ambaye sote tunamwita Dokta, aliniandikia pembeni kwa kalamu nyekundu: osha mashudu kwa ethanoli kwanza. Lakini ethanoli iliyokuwa imebaki stoo ilikuwa chupa moja na sisi tulikuwa saba tunaoihitaji. Nikasema nitaosha baadaye. Nikaweka mashudu kwenye maji yenye hidroksidi ya sodiamu ili protini iyeyuke, na mchanganyiko ukageuka kijani mbele ya macho yangu. Kijani kama maji ya mrenda. Nilijua kwa nini, tulifundishwa: alizeti ina asidi ya klorojeni, ileile iliyomo kwenye kahawa, na ikikutana na hewa kwenye maji ya besi inaleta rangi hiyo na kuing'ang'ania protini. Nilijua, nikaendelea. Nikakata kwa Alcalase, nikazungusha kwenye sentrifuji, nikakausha, nikapata unga wa rangi ya kijivu-kijani uliojaza chupa mbili ndogo.

Siku ya kipimo ilikuwa Alhamisi. Kipimo kinaitwa DPPH, na kwa aliyesoma biashara au sheria naomba nieleze, maana ni kipimo kizuri kukitazama. DPPH ni radikali huru inayokaa kwenye chupa bila kuharibika, na rangi yake ni zambarau iliyokolea. Ukiiwekea kitu chenye kuituliza, zambarau inafifia inakuwa njano. Unaiweka gizani nusu saa, kisha unapima kwa spektrofotomita kwenye urefu wa mawimbi wa nanomita 517 kuona zambarau imebaki kiasi gani. Yangu haikungoja nusu saa. Niliweka tone, nikageuka kuandika namba, nilipogeuka tena ilikuwa njano kama kiini cha yai.

Nikapiga picha. Kabla sijapima, kabla sijarudia mara tatu kama tunavyotakiwa, nikaituma kwenye grupu la ukoo. Niliandika hivi: "Wapendwa, leo nimepata matokeo. Mashudu ya mama mdogo yana nguvu ya kupambana na kansa. Tuzidi kuomba."

Sijui kama umewahi kuwa wewe ndiye msomi wa ukoo. Kwetu mimi ni wa kwanza kufika chuo. Nikisema neno kuhusu homa, dawa, mbolea, hata simu iliyozima, linachukuliwa kama limetoka redioni. Amina zilimiminika mpaka simu ikapata moto. Mjomba akasema kumbe ada haikupotea. Binamu yangu akaandika maneno ambayo niliyasoma harakaharaka nikayapita: "Bora hiyo ya asili, mionzi inamchoma tu." Saa nne usiku mama mdogo mwenyewe akapiga. Sauti ilikuwa nyembamba. "Mwanangu, mashudu yangu yameshakuwa dawa?" Nikasema bado tunapima. "Basi ukimaliza kupima uniletee. Mimi sina haraka." Nilivyoifahamu sauti yake, alikuwa na haraka kuliko wote.

Jumatatu nilimpelekea Dokta grafu zangu. Aliziangalia muda mrefu, akanywa chai yake, akauliza swali moja. "Kontroli iko wapi?"

"Ipi, Dokta?"

"Ya mashudu uliyoyaosha. Hii njano ni ya peptidi zako au ni ya klorojeni?"

Sikuwa na jibu. Asidi ya klorojeni nayo ni antioksidanti, na kali. Ingekuwa nimetia tone la kahawa ya mkongojo kwenye DPPH, ingefanya vilevile. Kahawa nayo ingekuwa njano kama kiini cha yai. Dokta hakunigombeza. Alifungua kabati lake akanipa nusu lita ya ethanoli yake mwenyewe, akaniambia nirudie.

Usiku ule hosteli nilishauriwa vibaya na watu wanaonipenda. "Wasilisha hivyohivyo," mmoja akasema, "nani atakuuliza? Ukianza upya utakula sapu, au ukose mahafali." Nilikaa kitandani nikihesabu siku. Haikuwa sapu iliyonikosesha usingizi. Nilikuwa najua kuwa nikirudia, kuna uwezekano njano itapotea, na tayari kuna mtu Mbagala anayeingoja njano ile.

Nilirudia. Wiki nzima. Niliosha mashudu kwa ethanoli mara tatu, na maji ya kuoshea yalitoka ya rangi ya chai. Safari hii protini haikugeuka kijani; ilitoka rangi ya krimu, nzuri, kama unga wa muhogo. Nikakata, nikakausha, nikapima nikiwa na protini isiyokatwa pembeni kwa kulinganisha, na nikapima pia yale maji ya kuoshea. Maji ya kuoshea yaligeuza zambarau kuwa njano palepale. Unga wangu mpya, kwa kiasi kilekile cha mwanzo, ulikaa nusu saa gizani ukatoka zambarau hafifu. Ulikuwa umeshinda protini isiyokatwa, hilo ni kweli na nililiandika. Kukata kunasaidia. Ila sehemu kubwa ya muujiza wangu wa Alhamisi ilikuwa imemwagwa na ethanoli.

Kisha nikasoma, safari hii bila kutafuta ninachokitaka. Nikagundua kwamba hata njano ile ya kwanza ingekuwa ya peptidi tupu, bado nilikuwa nimesema uongo kwenye grupu. Kipimo cha DPPH kinafanyika kwenye kyuveti yenye alkoholi. Hakuna tumbo, hakuna ini, hakuna mtu. Peptidi ukiimeza, vimeng'enya vya tumbo na utumbo vinaendelea kuikata pale ulipoishia wewe. Mlango wa utumbo unaopitisha peptidi unapokea zile za shanga mbili au tatu, zilizo ndefu nyingi huishia kuwa asidi amino za kawaida kama zile za maharage ya kafteria. Na hata kinachofika, si lazima kisaidie. Mwaka 1994 zilitoka habari za utafiti wa Finland uliohusisha wanaume wavuta sigara 29,133. Waliopewa vidonge vya betakarotini, antioksidanti ambayo dunia nzima iliamini itawakinga, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Soma tena sentensi hiyo. Mimi niliisoma mara nne.

Lakini iliyonifanya nifunge kitabu ni ile ya mionzi. Mionzi ya hospitali, ikipita kwenye maji yaliyomo ndani ya seli, inazalisha radikali huru, na hizo radikali ndizo zinazoisaidia kuivunja DNA ya saratani. Ndiyo maana madaktari wengi humwambia mgonjwa aliye kwenye mionzi asinywe vidonge vya antioksidanti kiholela: chakula chake cha kawaida na matunda sawa, lakini si dozi kubwa ya kitu kinachozituliza radikali. Yaani mama mdogo alikuwa analazwa kila siku chini ya mashine inayotengeneza radikali, na mimi nilikuwa namtengenezea unga wa kuzizima. Kama unga wangu haufanyi kazi, ni uongo. Kama unafanya kazi, huenda ni mbaya zaidi.

Ijumaa jioni nikapanda basi. Ile chupa ya kwanza, ya kijivu-kijani, nilikuwa nayo kwenye begi. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini niliibeba. Nadhani niliogopa kwenda mikono mitupu kwa mtu aliyenilipia ada.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, kanga mbili mabegani na Dar ilikuwa inachemka. Alikuwa amepungua kiasi kwamba miguu yake ilionekana ya mtu mwingine.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja nayo?"

Nilitoa chupa ili nimwelezee, na hilo lilikuwa kosa langu la pili. Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshafungua kifuniko, akachovya ncha ya kidole, akalamba. Nikamdaka mkono. Unga wa maabara si wa kuliwa jamani, hata kidogo, una mabaki ya kemikali na haukutengenezwa mahali pa chakula. Yeye alikuwa amefumba macho.

"Chungu!" akasema, na akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu niingie. "Enhee. Hii ndiyo yenyewe."

Kwetu uchungu ni nusu ya cheti. Mwarobaini haukupata sifa kwa utamu. Mimi nilijua uchungu ule umetoka wapi: ukikata protini, shanga zinazokimbia maji zinabaki wazi, na ulimi unazisikia chungu. Ni tatizo ambalo viwanda vya chakula vinahangaika nalo. Haukuwa na uhusiano wowote na ugonjwa wake. Nikaichukua chupa, nikaifunga, nikaiweka nyuma yangu.

"Mama, hiyo si dawa. Na nilichoandika kwenye grupu hakikuwa kweli."

Nilimweleza yote. Nilimweleza kwa alizeti maana ndiyo lugha yake. Nikamwambia ni kama mtu anayesifia mbegu mpya kwa sababu imeota kwenye kopo dirishani, hajaipanda shamba, hajaona mvua wala ukame wala ndege, na ameshawatangazia kijiji kizima wang'oe walichopanda. Nikamwambia habari ya ethanoli, kwamba hata kwenye kopo lenyewe, kilichoota hakikuwa mbegu yangu. Nikamweleza mionzi inavyofanya kazi na kwa nini unga ule usimguse.

Alinyamaza mpaka nikasikia feni ya chumba cha pili.

"Kwa hiyo wiki hizi mbili nimekuwa nikingoja mashudu."

Sikuwa na la kusema. Nikasema, "Ndiyo mama. Nisamehe."

"Na hiyo mionzi? Wao wameipima kwenye makopo au kwenye watu?"

Hapo angalau nilikuwa na jibu, na ni jibu ambalo nilikuwa nimelisoma siku mbili kabla. Mwaka uleule wa 1999, ambao mimi nilikuwa naupenda kwa sababu ya lunasini, Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani iliwaandikia madaktari tangazo kuhusu majaribio matano makubwa. Majaribio yale yalifanywa kwa wanawake wenye ugonjwa kama wake, na yalionyesha kwamba wanaopewa mionzi pamoja na kemo yenye sisplatini wanaishi zaidi ya wanaotibiwa bila kemo hiyo. Nikamwambia hivi: dripu yako ya kila wiki imetokana na wanawake wale. Si makopo. Watu.

Akaitikia kwa kichwa, polepole. Kisha akaniambia jambo ambalo mpaka leo linanishtua usingizini. Alikuwa ameshamwambia binamu amkatie tiketi ya Jumatatu. Alikuwa amefika wiki ya tatu ya mionzi, mwili unauma, choo kinamsumbua, chakula hakipiti, na alikuwa ameamua kwamba akishapata unga wangu atakwenda kuunywea nyumbani kwake, ageuke mtu. "Nilisema mwanangu amesoma, hawezi kuniambia asichokijua."

Jumatatu nilimsindikiza Ocean Road mwenyewe. Tuliondoka alfajiri kwa daladala. Tukiwa benchi, akamwuliza muuguzi kama ni kweli vitu vya unga vinaharibu mionzi. Muuguzi akamwambia kila kitu anachotaka kumeza amwonyeshe daktari kwanza. Mama mdogo akanigeukia: "Umesikia?" Kana kwamba ni mimi niliyetaka kulamba.

Kwenye grupu niliandika ujumbe wa pili. Ulikuwa mrefu, nikaomba radhi, nikaeleza. Ule wa kwanza ulikuwa umepata amina zaidi ya thelathini. Huu ulipata kidole gumba kimoja, cha mjomba, na binamu akajitoa kwenye grupu kwa siku tatu. Nimejifunza kwamba habari njema inapanda basi la haraka, masahihisho yanatembea kwa miguu.

Niliwasilisha mradi na nguzo fupi. Mtahini wa nje akauliza kama nimesikitika kwamba matokeo ni madogo. Nikamwambia kwamba kwa matumizi mengine hayakuwa madogo: haidrolisati iliyooshwa inaweza kuchunguzwa kama kinga ya kuzuia mafuta ya kupikia yasinuke haraka, na mwenzangu wa meza ya pili ameshaomba gramu kumi ajaribu kubebea kurkumini yake. Bodaboda na bodaboda. Hapo sayansi hii inanipa matumaini ya kweli, na siwaandikii ili muidharau. Dawa kadhaa za saratani zimetoka kwenye mimea. Vinkristini imetoka kwenye lile ua la waridi lenye petali tano linaloota hata mbele ya hosteli yetu, ambalo asili yake ni Madagaska. Lakini kati ya ua na dripu kuna njia ndefu, na kila hatua ina kontroli yake, na mtu aliyeruka hatua hajafupisha njia. Amempotosha anayemfuata.

Wewe unayesoma hapa, najua simu yako inalia nyumbani wakiuliza. Unasoma famasia, kilimo, kemia, hata uhasibu, wao wanakuuliza tu, kwa sababu wewe ndiye uliyesoma. Usiogope kuwaambia "bado". Mimi neno hilo nilikuwa nalo mdomoni Alhamisi ile, na nikaona aibu kulitumia.

Mama mdogo alimaliza wiki zake tano, kisha akafanyiwa mionzi ya ndani, kisha akarudi Singida. Anakuja kliniki kila baada ya miezi mitatu. Hawajamwambia amepona. Wamemwambia arudi, naye anarudi. Msimu huu amelima ekari mbili badala ya nne.

Juzi alinipigia kuulizia mahafali ni lini, ashone. Kabla ya kukata akakumbuka kitu.

"Yale mashudu yaliyobaki uliyafanyaje?"

Nikamwambia nilimpa yule mama anayeuza maziwa nyuma ya hosteli.

"Ng'ombe wameyala?"

"Wameyala yote, mama."

"Haya," akasema. "Angalau huko yanajua kazi yake."